Hatua ya Kumi na Tisa

Kwa wiki tatu mpima macho hakuwa na mazungumzo mengine ila visanduku. Ukimsalimia, visanduku. Ukimuuliza habari za kazi, atakujibu kwa neno moja kisha huyo, amerudi kwenye visanduku. Wenzake wa duka la miwani walikuwa wameanza kumkwepa saa ya chai, na mkewe, fundi wa mapazia, ambaye hakuwa na pa kumkwepea, alijifunza kuitikia "ee" na "kumbe" huku akihesabu marinda.

Vilikuwa viwili, vya bati jeusi, kila kimoja ukubwa wa tofali. Ni priamplifaya, yaani kile kifaa kinachokaa katikati ya mashine ya santuri na amplifaya kubwa, ambacho mtu hukitumia kuchagua anasikiliza nini na kwa sauti kiasi gani. Ya zamani ilikuwa imeanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa, na mpima macho hawezi kustahimili kitu kinachovuma. Ila hivi vipya havikuwa vya kawaida. Havikuwa na waya wa umeme, wala taa, wala swichi ya kuwasha. Vilipokea sauti, vikaipunguza, basi.

"Daktari," fundi aliyevitengeneza kwa mikono yake alimwambia. Mpima macho si daktari, lakini fundi huyu humpa kila mtu cheo. Watu walimwita Kimya, kwa kejeli, maana mdomo wake haukuwahi kuonja likizo. "Daktari, mashine nyingine zinaipaka sauti poda. Hivi havipaki. Kinachoingia ndicho kinachotoka, kimepunguzwa tu. Santuri yako ikiwa na mikwaruzo, utaisikia mikwaruzo yote mpaka ya ujombani. Usije ukanilaumu."

Alimwazima vyote viwili. Achague kimoja, na Jumamosi saa nne asubuhi angekuja kuchukua kilichokataliwa.

Kimoja kilikuwa na kizungusho kilichoteleza laini kutoka chini mpaka juu. Kingine kilikwenda kwa hatua, ishirini na nne kwa jumla, na kila hatua ililia *tak* chini ya kidole. Cha kwanza kilitoa sauti nzuri, yenye joto, ya kukufanya uegemee kiti. Cha pili kilikuwa wazi mno. Ulimsikia mpaka mwimbaji anapovuta pumzi. Mpima macho alivipima kama anavyopima watu kazini. Huko humvisha mteja fremu ya chuma, humtilia lenzi moja, kisha nyingine, na kumuuliza, "Ya kwanza au ya pili?" Nyumbani alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, na kesho yake akabatilisha jibu.

Sasa tuseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakuwa tayari kuusema. Visanduku vilikuwa kisingizio. Mtu mzima hakosi usingizi kwa sababu ya bati. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kinatambaa sakafuni na nepi.

Bintiye alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba na hakuwa amesema neno hata moja. Bibi yake mzaa mama ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu katika miezi yake ya kwanza alikuwa anapiga porojo zake za kitoto tangu alfajiri, agu, agu, mpaka majirani wanacheka. Kisha zile porojo zikaanza kupungua. Hakuna aliyeiona siku zilipokwisha. Bibi ndiye aliyesema kwanza, huku akimkunjia mtoto nguo, bila kumtazama mtu: "Huyu nikimwita akiwa amenipa mgongo, haitiki."

Wakapewa miadi hospitalini, apimwe masikio. Miadi ya kwanza mpima macho aliisogeza yeye, akasingizia kazi. Haikuwa kazi. Aliogopa, na woga wake uliwagharimu miezi miwili na nusu ya kusubiri nafasi nyingine. Nafasi hiyo ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, na wakiikosa wangeanza tena mwisho wa mstari.

Kwa hiyo siku zile alipokuwa anasikiliza visanduku, alikuwa pia anampima mtoto kwa siri. Aliangusha kijiko nyuma yake. Alimwita kutoka mlangoni. Siku moja aliita, mtoto akageuka, na baba mtu alikwenda kazini anapiga mluzi. Saa sita mchana, akiwa anasafisha lenzi, akakumbuka kwamba alisimama na dirisha nyuma yake, na kivuli chake kilimtangulia hadi mbele ya mtoto. Mluzi ukaisha. Kesho yake mtoto hakugeuka, na yeye akajiambia kwamba mtoto alikuwa ameshughulika na vikombe vyake vya kuchezea.

Alikuwa na hoja moja aliyoitegemea. Chiriku alipenda spika. Kila santuri ilipowekwa, aliacha alichokuwa anafanya, akatambaa mpaka kwenye spika ya kulia, akaiegemea kwa mgongo na kukaa hapo na vikombe vyake vya plastiki. "Mtoto asiyesikia atakaa na spika?" mpima macho alimuuliza mkewe. "Atafuata nini pale?" Mkewe hakuwa na jibu. Wote wawili walilipenda swali hilo kwa sababu hiyohiyo.

Katikati ya wiki aliingia dukani mama mmoja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto alisoma herufi za ubaoni vizuri, mstari baada ya mstari, mpaka zile ndogo. Mpima macho akaona kitu. Mama alikuwa amemshika mtoto mkono, na kila kabla ya jibu kidole cha mama kilijikunja kiganjani mwake, kikimchorea herufi. Akamwomba mama atoke nje. Mtoto alipobaki peke yake hakuona hata mstari wa pili.

"Nilimwonea huruma," yule mama alisema, machozi yanamlengalenga. "Alikuwa anaogopa kukosea."

"Mama, hapa hakuna kukosea," mpima macho alimwambia, kwa ile sauti yake ya kazini. "Ukimsaidia leo, kesho hatoliona gari. Sisi tunataka kujua anachokiona yeye, si unachotaka wewe akione."

Alisema vizuri sana. Jioni alirudi nyumbani, akamwita mwanawe kutoka mlangoni na kusimama kwenye mwanga wa dirisha, kivuli kikimtangulia.

Jumamosi ikafika. Bibi alikuja mapema na mfuko wa nguo, kwa kuwa alisema Jumatatu hatawaacha waende peke yao. Saa nne kasoro robo Kimya naye akabisha hodi, tayari anaongea kabla mlango haujafunguliwa. Wakaketi sebuleni. Nyumba yao ni ya ghorofani, sakafu ya mbao, juu ya duka la viatu, na muuza viatu ana mpini wa ufagio ambao huugonga darini kwake kila sauti inapomkera. Chiriku alikuwa mahali pake, mgongo kwenye spika, anapanga vikombe.

"Haya, Daktari, tuamulie," alisema Kimya. "Kinachoteleza au cha hatua?"

"Bado kidogo. Nisikilize mara moja tena."

"Mara moja tena! Shemeji, huyu ulimpataje? Si mlichumbiana miaka kumi?"

Mke hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe akipiga magoti mbele ya meza, amewapa wote mgongo, anapapasa waya nyuma ya kisanduku. Kulikuwa na sheria moja ya kubadilisha, na Kimya aliirudia kila siku: zima kwanza amplifaya kubwa, hesabu mpaka ishirini, ndipo uchomoe waya. Amplifaya kubwa ilikaa chini, ndani ya kabati yenye mlango, kwa ajili ya vidole vya mtoto. Kwa wiki tatu mpima macho hakuwahi kuisahau sheria hiyo hata mara moja.

"Baba Chiriku," mkewe akasema. "Jumatatu unakuja au huji?"

"Tutazungumza."

"Tunazungumza sasa. Mbele ya mama. Mara ya kwanza ulisema kazi. Safari hii utasema nini, visanduku?"

Damu ikampanda mpima macho usoni. Akakitazama kisanduku kilichokuwa mkononi mwake, hakina taa, hakina joto, kimekufa kabisa, na mkono ukaamini kwamba kila kitu kimezimwa. Akachomoa waya kwa hasira.

BUMMM.

Nyumba ikatikisika. Baada ya kishindo ukafuata mvumo mzito, mnene, vikombe vya chai vikacheza kwenye visahani. Bibi akamtaja Mungu. Kimya akajirusha kabatini kuzima amplifaya. Na Chiriku, ambaye hakuwahi kushtuka kwa lolote, akaruka, akaangusha vikombe vyake, akageuka na kuitazama spika macho yamemtoka.

Kisha mke akapiga ukelele.

"Amesikia! Mama, umemwona? Amesikia!"

Akamnyanyua mtoto, akambusu kichwani, shavuni, masikioni, sikio hili, sikio lile. Bibi alikuwa amekaa chini analia na kucheka kwa pamoja. Kimya alimpiga mpima macho mgongoni akimwambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kufurahia mtu kuvunja sheria yake, na kwamba kisanduku kitakachochaguliwa ni zawadi ya mtoto. Mpima macho naye alicheka. Akakaa kwenye mkono wa kochi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kifua chake kikafunguka.

Alikuwa na raha hiyo kwa muda gani? Pengine dakika mbili. Mke alikwisha kuchukua simu.

"Nawapigia hospitali. Wafute Jumatatu. Kuna watoto wanaohitaji kweli nafasi ile, sisi tunawakalia bure." Akasikiliza. "Msichana wa mapokezi anasema nisubiri, atanipigia yeye."

Mpima macho alikuwa anaangalia chai. Ilikuwa imemwagika kwenye visahani vyote. Akakumbuka kwamba kishindo kile yeye mwenyewe alikipata kwanza magotini, kabla hakijafika masikioni. Akautazama mgongo mdogo wa mtoto, ulioegemea spika tangu saa tatu. Kisha, bila kutaka, akakiona kidole cha yule mama kinajikunja.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Bibi alikuwa anafuta machozi. Mkewe alikuwa na uso ambao hakuwa ameuona tangu mtoto azaliwe.

"Mama Chiriku," alisema. "Simu ikilia, usifute kwanza."

"Kwa nini?"

"Hajapimwa vizuri. Alikuwa ameegemea spika. Sakafu ni ya mbao."

"Umemwona kwa macho yako akigeuka!"

"Nimemwona. Naomba mara moja tu. Mara moja, halafu nakaa kimya."

Alichukua kisanduku cha hatua, akahakikisha amplifaya bado imezimwa, akahesabu mpaka ishirini kwa sauti, akachomeka waya, akawasha. Akatafuta santuri ya filimbi, filimbi peke yake, isiyo na ngoma wala gitaa la besi. Kisha yeye na Kimya wakaligeuza kochi likaangalia dirishani, mgongo kwa spika. Akamkalisha Chiriku katikati, juu ya mito miwili, miguu inaning'inia, na vikombe vyake mapajani.

"Sisi wote tusimame nyuma yake," alisema. "Asiguswe. Asione uso wa mtu."

Wakasimama wanne nyuma ya kochi, mkono wa mpima macho kwenye kizungusho, wanatazama kisogo cha mtoto chenye vinyweleo vilivyosuguliwa na mto.

Hatua ya tano. Filimbi ilisikika kwa mbali, kama mtu anaipuliza chumba cha pili. *Tak*. *Tak*. Hatua ya kumi, ndiyo sauti waliyozoea kusikilizia. Mtoto alitia kikombe kidogo ndani ya kikubwa. Hatua ya kumi na mbili. Bibi alianza kunong'ona dua. Ya kumi na nne. Filimbi ikawa kali, kila pumzi ya mpigaji ilikuwa chumbani pamoja nao. Mpima macho alitamani kile kisanduku kingine, chenye kuteleza, ambacho mtu asingejua amefika wapi. Ya kumi na sita, Kimya akaziba masikio. Ya kumi na saba. Kikombe kidogo kikatoka ndani ya kikubwa, kikaingia tena. Ya kumi na nane.

"Geuka," mke alisema, si kwa mumewe. "Geuka, mama. Geuka."

Hatua ya kumi na tisa. Sauti ilikuwa inachoma. Mpima macho alikuwa anaupima kwa macho ule upara mdogo wa kisogoni, kama utasogea hata upana wa unywele. Chiriku alikiinua kikombe mbele ya dirisha, akachungulia mwanga kupitia plastiki nyekundu. Alikuwa ametulia kabisa, mtoto aliye peke yake mahali pazuri.

Mpima macho akarudisha kizungusho chini. *Tak, tak, tak*, mpaka mwisho.

Mke alikuwa bado anatazama kisogo. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ungeniachia mpaka Jumatatu tu. Siku mbili. Ungepungukiwa na nini?"

"Ungeifuta Jumatatu."

"Najua!" akamfokea. "Najua ningeifuta. Unadhani sijui?"

Ile miezi miwili na nusu ilikuwa imesimama katikati yao, na wote wawili walijua nani aliileta. "Mimi ndiye niliyeisogeza ile ya kwanza," alisema. "Sikuwa na kazi yoyote siku ile. Niliogopa." Ndiyo mara ya kwanza kulisema hilo. Mkewe aligeuza uso ukutani.

Chiriku alichoka na kochi. Akajigeuza tumbo, akashuka taratibu kwa miguu, akakaa sakafuni. Ndipo muuza viatu wa chini, aliyekuwa amevumilia kishindo, akavumilia na filimbi, akachukua mpini wake wa ufagio akagonga dari. Du, du, du. Hakukuwa na kelele kubwa. Waliokuwa wamesimama waliisikia kwa shida.

Chiriku aligeuka papo hapo. Akaweka kiganja chake sakafuni, vidole vimetanuka, akasubiri. Muuza viatu akagonga tena. Mtoto akainua uso, akawatazama wote mmoja mmoja, akitabasamu, kana kwamba anauliza nani amemwita.

Bibi alielewa. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Kimya naye alielewa. Alikichukua kisanduku cha kuteleza, akakiweka kwapani, akakiacha cha hatua palepale kilipokuwa. Akamgusa mpima macho bega. Mlango alioingilia kwa maneno mengi aliufunga polepole sana.

Simu ikalia. Watu wazima watatu waliruka. Chiriku alikuwa anatambaa, anatafuta kwa kiganja mahali sakafu ilipogongwa.

Mke aliitazama simu ikilia mara nne, tano. Akajifuta pua kwa ukingo wa kanga yake, akapokea.

"Ndiyo, ni mimi niliyepiga. Hapana. Hapana, dada, si kufuta. Nilitaka kuhakikisha saa tu." Akamtazama mumewe juu ya simu, macho mekundu, na hasira haikuwa imemtoka. "Saa mbili. Sawa. Tutakuja wote, mimi na baba yake."

Akaweka simu juu ya kisanduku. Chiriku alikuwa amefika ng'ambo ya chumba, amewapa mgongo wote. Mama yake alifungua mdomo amwite, kama alivyokuwa anamwita kila siku tangu azaliwe, jina likamfika kwenye ulimi. Akafunga mdomo. Akavua ndara, akainua kisigino, na akagonga mbao mara tatu.

Mtoto akageuka, akaja.